Naomba ushauri: kuvu ya mbao imepenya ukutani, plasta ibanduliwe hadi wapi?

Wakuu, habari. Boriti za sakafu zimeoza pale zinapoingia ukutani. Mbao imepasuka vipande vya mraba, ukikiminya kimoja kinasagika unga wa kahawia. Nyuma ya plasta nyuzi za kijivu zimetambaa kwenye maungio ya matofali.

Chanzo kimeonekana: gata inavuja, na matundu ya hewa chini ya sakafu yamezibwa na udongo. Hayo yanarekebishwa kwanza, maana bila kukausha, dawa ni kazi bure. Mbao ikishuka chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu hii haipati pa kuanzia.

Mpango ni kukata mbao sentimita 50 kupita dalili ya mwisho, kupaka dawa ya boroni kwenye ncha zinazobaki, kisha boriti mpya zilizotiwa dawa zikae kwenye vishikio vya chuma, zisizikwe tena ukutani.

Ninapokwama ni ukuta wenyewe. Nibandue plasta mpaka nyuzi ziishe, au ukuta ukikauka zitakufa? Na boroni inapenya kweli tofali nene, au inaishia juujuu?