Naombeni ushauri: sayansi ya mazingira kwa watoto ninaowasomesha nyumbani, tuko Mombasa

Hamjambo wapendwa. Nina watoto wawili, wa kike miaka 11 na wa kiume 8, nawasomesha mwenyewe nyumbani huu mwaka wa pili, tunakaa karibu na Tudor. Hesabu na lugha twaenda vizuri, sayansi ya mazingira ndio imenishinda. Mkubwa atakutajia maana ya ikolojia neno kwa neno, lakini juzi tumepita pale kwenye mikoko nikamuuliza ule uliosimama mizizi juu ni mti gani, akanijibu "mama, ni mti tu". Iliniuma jamani. Nataka watoke nje washike vitu kwa mikono yao, sasa mimi nilisomea uhasibu, sijui nianzie wapi, na safari za kila wiki mfuko hauruhusu.

Mama Watatu: Dada usizunguke nao. Mie mwaka wa kwanza nilizunguka kila mahali wakarudi na picha za simu basi. Sasa tuna kipande kimoja nyuma ya nyumba, vijiti vinne na kamba, mita moja kwa mita moja, kila Jumatatu wanachuchumaa hapo nusu saa wanahesabu na kuchora kila kilichomo. Wiki za mwanzo watakwambia hakuna kitu, wewe vumilia tu. Mvua ya kwanza ilipopiga, wangu waliona kumbikumbi wakitoka kwenye kitundu kile kile walichokichora mwezi mzima wakakiandika "nyumba ya mchwa", wakapiga kelele mpaka jirani akaja. Kumbe ni wale wale, sasa wana mbawa!

Baba Zu: Naongeza kipimo cha mvua. Kata chupa ya plastiki, kichwa kigeuze kiwe faneli, chini tia kokoto na maji mpaka pale ubavu unaponyooka, hapo ndio sifuri, kisha bandika rula. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba, kwa hivyo mkubwa apime paa ajue lita ngapi zimeliangukia.

Mtoto wa Pwani: Na mikoko mnayo mlangoni! Ule wenye mizizi kama miguu ya buibui ndio mkoko wenyewe. Mtafute mchu, mizizi yake imechomoza matopeni kama penseli. Chukua jani la juu kabisa ambalo maji hayalifikii, walambe. Ni chumvi, mti umeitoa wenyewe.
Nendeni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Lakini wavae viatu, chaza wa kwenye mizizi wanakata kama wembe, na maji yakianza kurudi tokeni, msingoje.

Mwalimu Mstaafu: Mkipata nauli mara moja tu kwa muhula, nendeni Haller Park pale Bamburi. Lilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya simenti, René Haller alianza kupanda miti 1971, na mvinje ukastahimili. Shida majani yake yalirundikana hayaozi, ndipo wakaletwa majongoo wakayala na kuyageuza mbolea. Kabla hamjaenda weka jongoo na majani makavu kwenye ndoo nyumbani, wajionee kinachotokea.

Aliyeuliza: Mungu awabariki. Leo tumekwenda, mdogo amelamba majani matatu, ameandika "mchu unatoka jasho". Mkubwa naye kalamba la mkoko akakosa chumvi, sasa ananiuliza mbona yote imesimama maji yale yale? Nimjibu nini?

Mtoto wa Pwani: Usimjibu bado, mwache wiki moja abahatishe na aandike. Wewe ujue tu kwamba mkoko unaichuja chumvi nyingi huko huko mizizini kabla haijapanda.