Kanipasua mdomo kwa kigoda, mahakamani kanipa SHIKAMOO, kaachiwa!!!

Wakuu nimetoka mahakamani sasa hivi naandika huku natetemeka. Yule dogo wa pale stendi mnamjua, yule wa nywele za njano, wiki mbili zilizopita kanitandika na kigoda kisa nimemwambia apunguze mziki. Nyuzi sita. PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu) ninayo, jino ninalo mfukoni kwenye karatasi ya vitumbua.

Kosa la kudhuru mwili linaenda mpaka miaka 5, mi nikasema basi hata miezi sita tu akale maharage ya wadudu. Kakiri. Hakimu kamuuliza una la kusema kabla ya adhabu, dogo hamtazami hakimu, ananigeukia MIMI, anainama nusura abusu sakafu, "shikamoo baba". Shikamoo!! Na mimi kwa malezi ya bibi yangu mdomo ukajibu wenyewe, "marahaba mwanangu".

Chumba kizima kicheko. Hakimu akaandika: miaka 19, kosa la kwanza, anajutia, aachiwe kwa masharti asitende kosa miezi 12. Yani shikamoo ndo imekuwa majuto. Jino zima kwa shikamoo moja!

#2: Marahaba MWANANGU 😂😂 kesi umeiua mwenyewe mzee

#3: Mleta uzi, hakimu hajakosea. Miaka 5 ni kikomo, sio bei ya dukani, anaangalia umri, rekodi, kukiri. Mtupe dogo ndani na wazoefu atoke fundi. Akifanya kosa ndani ya hiyo miezi 12 anaitwa ahukumiwe na hili lako. Fidia uliomba?

#4 (mleta uzi): Fidia saa ngapi?? Nilivyosimama niongee nikaambiwa mzee kaa, si umeshapokea salamu.

#5: Sema ukweli, ulimwambia apunguze mziki au ulichomoa waya? Tunakujua bana

#6: Wa mtaani kwetu kaiba kuku wawili, ana umri wa miaka 20, kosa la kwanza, kala miezi sita. Nadhani hakusalimia

#7: Bora nyie zinaisha, yangu ya kiwanja toka 2016 ni kuahirishwa tu, leo naambiwa faili halionekani

#8: #7 hata mimi faili!! Mwaka wa tatu

#9: Kiwanja kiko wapi mkuu, unauza?