Miaka 3 hatujapata mtoto na mume kutwa yuko visiwani, tuanzie wapi jamani?

BintiBuzuruga: Wakuu habari za jioni. Nina miaka 32 mume 38, tupo Buzuruga hapa Mwanza, ndoa mwaka wa tatu huu na sijawahi kushika mimba hata ya kuharibika. Nimepima mpaka nimechoka, utrasaundi mara mbili, homoni, na kile cha mirija unaingiziwa dawa unapigwa eksrei (kinauma msidanganywe), majibu yote safi mirija iko wazi. Mume ye hajapima, anasema kwao wote wanazaa. Mama mkwe kashaleta mizizi kutoka Magu mara tatu, naipokea kwa adabu akiondoka namwaga. Sasa kuna mtu kaniambia nikakope nikapandikizwe mimba (yai na mbegu vinakutanishwa maabara kisha wanakurudishia kizazini) maana umri unaenda. Mzunguko wangu hauyumbi, siku 29 au 30. Mume anavua dagaa Ukerewe, zikiingia siku za giza (usiku usio na mwezi, ndo dagaa wanavuliwa) anaenda kambini, mbalamwezi ikitoka anarudi anakaa kama wiki, na kwa mikosi yangu kila akirudi ananikuta niko period, mpaka kashazoea anacheka tu. Ushauri tafadhali, matusi pm.

Ngosha_Igoma: Dada mkopo weka pembeni, mwanaume apime mbegu. Kuzaa kwa kaka zake hakumhusu. Mi mwenyewe niligoma miaka minne mke wangu akisemwa na dada zangu nimekaa kimya, siku nimepima kumbe mbegu chache, mishipa ya kwenye korodani imevimba, nikafanyiwa upasuaji tukasubiri miezi kama mitatu maana mbegu hutengenezwa siku 70 na ushee. Binti yangu ana miaka miwili saivi. Kipimo chenyewe hakiumi, asikutane na mwanamke siku 2 mpaka 7, mzigo ufike maabara ndani ya saa moja, majibu yakiwa mabaya arudie asikate tamaa na kimoja.

Mzee_wa_Mizizi: Njoo pm kuna mzee Sengerema hajawahi kushindwa

Ngosha_Igoma: Ushaanza wewe

Nesi_Kirumba: Hivi wenzangu mmesoma mwishoni kaandika nini?? Mdogo wangu, mwezi wa angani unazunguka siku 29 na nusu, wewe 29 au 30, mnatembea sambamba. Yai linatoka kama siku 14 kabla ya period inayofuata, kwahiyo kama period yako inaangukia mbalamwezi basi yai linatoka katikati ya giza, mwenzio yuko ziwani na taa anavuta dagaa! Yai lenyewe halimalizi siku moja, mbegu zikijitahidi sana zinakaa siku 5. Hiyo miaka mitatu msiihesabu, mmejaribu miezi michache sana. Akose giza mbili tatu, au wewe umfuate. Na apime hivyohivyo, ngosha kasema kweli. Dawa za kukuza mayai usimeze za kuambiwa na mtu, zile ni za ambaye yai halitoki na mzunguko wako unaonyesha linatoka. Mkikaa pamoja siku zenyewe ikafika mwaka kimya, hapo daktari anaweza kuongelea kuoshwa mbegu na kuwekwa moja kwa moja kwenye kizazi. Kupandikiza kule kwa gharama ni hasa mirija ikiziba au mbegu zikiwa chache mno, au hizo nyingine zikishindikana.

BintiBuzuruga: Dada nesi nimetoa kalenda ya ukutani naweka alama na mkaa, miezi minne ya nyuma yote iko hivyohivyo. Nimecheka nikalia. Na madaktari wote niliopita hakuna aliyeniuliza mume wangu anafanya kazi gani!! Nimempigia, kupima kakubali kwa shingo upande, ila giza hakosi, ana deni la nyavu. Anauliza nikija kambini ntalala wapi, kule ni turubai na wanaume kumi na mbili.

Nesi_Kirumba: Apange chumba kijijini hapo jirani wiki moja tu, si anadai anataka mtoto.

BintiBuzuruga: Meli ya Nansio, ya kwenda Ukerewe, siku hizi inaondoka saa ngapi?