Nimeng'oa magugu bwawani, sasa maji yamegeuka kijani. Nimekosea wapi?

Bwawa_Langu:
Wakuu, habari zenu. Nina bwawa la maji baridi, hata pale penye kina kirefu halifiki mita moja na nusu. Miaka yote maji yalikuwa maangavu, unawaona konokono wakitambaa chini. Kero yangu ilikuwa mimea: mmoja una majani marefu kama utepe na mizizi yake iko topeni, mwingine hauna mizizi kabisa, umefumuka kama mkia wa paka na unajisokota kwenye kila kitu. Ndoano ikizama haitoki. Nikaingia na reki, siku tatu, nikakomba yote nikalundika ukingoni.

Wiki tano hazijaisha, maji kijani tupu. Nina kisahani cheupe nimekifunga kamba ya kupimia. Zamani nilikuwa nakiona hadi kinagusa tope, sasa nikikishika mkononi na kukizamisha kinapotea kabla maji hayajanifika kiwikoni. Shamba lililo juu ya bwawa hutiwa mbolea kila msimu, ila lilikuwepo tangu mwanzo. Kwa hiyo mbolea siyo, au? Na nikirudisha mimea?

Haraka_Haraka:
Tia mrututu, siku mbili mwani wote kwisha.

Konokono_Mzee:
Mrututu achana nao, mkuu. Mwani ukifa wote kwa mpigo unaoza, bakteria wa kuozesha wanamaliza oksijeni, alfajiri unakuta samaki matumbo juu. Shaba iliyomo inaua na konokono. Halafu fosforasi, kile kirutubisho cha kwenye mbolea, iliyokuwa ndani ya mwani haiendi popote, inarudi majini kulisha mwani mwingine.

Sasa kwenye swali. Mbolea ndiyo, tena imekuwepo siku zote. Bwawa la kina kifupi lina tabia ya ajabu: kwa kiasi kile kile cha virutubisho linaweza kukaa jangavu lenye mimea, au kijani lenye mwani, na kila hali inajilinda. Mimea yako ilikuwa inavunja mawimbi tope lisiinuke. Ilikuwa inaficha vile vidudu vidogo vinavyokula mwani, samaki wasivimalize mchana. Umeiondoa, walinzi wameondoka nayo. Na reki imekoroga tope lenye akiba ya fosforasi ya miaka mingi! Tope likikosa oksijeni, chuma kilichokuwa kimeishika fosforasi kinaiachia. Hata shamba likiacha mbolea leo, bwawa litajitia mbolea lenyewe kwa muda.

Nikuulize: kabla hujang'oa, majani yalikuwa na utelezi?

Bwawa_Langu:
Mkuu, ulikuwepo? Msimu uliopita yalikuwa na utelezi wa kahawia, ukivuta vidole unatoka kama kamasi.

Konokono_Mzee:
Basi bwawa lilikuwa limeshaanza kulemewa. Huo ni mwani unaoota juu ya jani na kulizibia mwanga. Konokono huukwangua, lakini virutubisho vikizidi wanashindwa kasi.

Ukoka:
Mbona kila mtu fosforasi, naitrojeni vipi?

Konokono_Mzee:
Nayo imo, siibishi. Ila mwaka 1973 huko Kanada watafiti waliligawa ziwa dogo kwa pazia. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili hizo hizo pamoja na fosforasi. Wa pili ndio uliogeuka kijani. Isitoshe, baadhi ya mwani wa kijani-bluu hujichukulia naitrojeni ya hewani. Bwawa_Langu, ukiona utando kama rangi iliyomwagika, mifugo wasinywe hapo. Aina nyingine zina sumu ya ini.

Ukoka:
Mimi nilitia gugu maji ili linyonye mbolea. Linanyonya kweli, lakini ndani ya wiki mbili lilikuwa maradufu, chini yake giza. Usipolivuna kila mara, likioza linarudisha kila kitu.

Konokono_Mzee:
Ndiyo maana nasema kurudisha mimea leo ni kuipanda gizani. Kama unaweza, punguza maji kwanza ili mwanga ufike chini. Toa samaki wanaochimbua tope, hao wanakutibulia bure. Acha ukanda mpana wa majani kati ya shamba na maji. Kisha anza na kona moja ya kina kidogo, izungushie wavu, panda ule wa utepe. Ukishika ndipo uongeze. Safari hii ukihitaji njia ya ndoano, kata njia tu.

Na lile lundo bado liko ukingoni?

Bwawa_Langu:
Nimetoka kuliangalia sasa hivi. Limeshuka nusu, na chini yake kuna michirizi ya maji meusi inayoingia moja kwa moja bwawani. Natafuta toroli.