Muzungu akimtoa kipa: Desabre abaki, au tumpe mwana wa kwetu? (Mjadala wa Lubumbashi, mwisho wa 2025)

Kijana wa Katuba

Ndugu zangu, naweka swali, mwenye neno aseme. Sébastien Desabre, Mfaransa, ndiye kocha wa Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, tangu 2022. Machi 2026 tunakwenda Mexico kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Tukiipata au tukiikosa, baada ya hapo tumwachie yeye benchi, au zamu ya Mkongomani imefika?

Nawaambia kwanza nilichokiona. Tarehe 16 Novemba 2025, siku tulipocheza na Nigeria kule Rabat, Morocco, nilikuwa kwenye nganda (baa) moja hapa Katuba. Umeme umekatika tangu jioni, jenereta inakohoa, watu tumebanana hadi mlangoni. Onyeka ametufunga mapema, Elia amesawazisha, 1-1. Dakika 120 zinakaribia kwisha, ubao unainuliwa pembeni: Mpasi, kipa wetu, anatoka. Mpasi! Yule yule aliyepiga penalti ya mwisho iliyowafukuza Misri Januari 2024! Baba mmoja mbele yangu, chupa ya bia ya Simba mkononi, akasimama juu ya benchi: "Muzungu ameshatuuzisha!" Nusu ya nganda ikaitika.

Akaingia Timothy Fayulu, akapangua penalti. Mbemba akamalizia, 4-3. Nikamwona yule baba analia begani kwa mtu asiyemjua, anaapa kwamba mama yake Desabre ni wa Kipushi, mji wa jirani hapa, "banamuficha tu." Kutoka muuzaji hadi mwana wa Kipushi haikufika hata robo saa.

Mzee wa Kamalondo

Mwanangu, huyo baba simcheki. Mimi nilishawahi kuwa yeye, tofauti ni kwamba siku yangu tulifungwa vibaya.

Juni 1974, Kombe la Dunia Ujerumani, Zaïre (Kongo yetu ya leo) dhidi ya Yugoslavia. Nilikuwa mtoto wa shule, tumeizunguka redio ya jirani kama watu wa matanga. Golini yuko Kazadi Mwamba, kipa wa Mazembe, klabu yetu ya hapa Lubumbashi, mtoto wa hapa. Kocha ni Blagoje Vidinić, Myugoslavia, na tunacheza na nchi yake mwenyewe! Dakika ya 20 hivi, tumeshafungwa tatu, Vidinić anamtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu, kijana mfupi. Mpira wa kwanza alioushika Tubilandu aliutoa wavuni. Ikaisha 9-0. Usiku ule barabara yetu nzima iliamini jambo moja: mgeni amewafanyia ndugu zake kazi.

Nilimchukia Vidinić karibu miaka 20. Baadaye wachezaji wenyewe wakasimulia: baada ya mechi ya Scotland waliambiwa pesa walizoahidiwa hazipo, wakataka hata kukataa kucheza. Mtu amegoma moyoni, golini umweke nani? Na Vidinić mwenyewe alikuwa kipa zamani, hakuwa mjinga wa kazi ile. Halafu tunasahau kwamba miezi mitatu tu nyuma, Machi 1974, huyo huyo alituletea Kombe la Afrika kutoka Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao tisa. Wakati ule sikumsikia mtu akimwita mgeni.

Cheminot wa moyo

Mzee, mngempeleka kipa wa Lupopo, wapinzani wenu wa hapa mjini, yasingewafika hayo. 😄

Mzee wa Kamalondo

Wewe mtoto wa Lupopo, nyamaza, watu wazima wanaongea.

Dada wa Kenya

Hapa Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi na siyo ile nchi, jirani na Stade Kibassa Maliba, mpira tunausikia hata tukiwa jikoni tunasonga bukari, kwa hiyo nami nina haki ya kusema. Papa, nakuheshimu, lakini hadithi yako inanipa mimi pointi. Mnamtafutia mgeni sababu, "wachezaji walikosa pesa." Mkongomani akishindwa, nani alishamtafutia sababu?

Mchukueni Florent Ibenge, kocha Mkongomani. Mwaka 2015 alitupa nafasi ya tatu Afrika. 2016 akaleta CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, kutoka Rwanda, fainali tukaifunga Mali 3-0. Watu walimsema hadi akachoka. Akaenda Morocco, 2022 akachukua Kombe la Shirikisho na klabu ya Berkane. Wamorocco hawakumwuliza mama yake ni wa wapi.

Na tazameni majirani. Algeria 2019 na Belmadi. Senegal na Cissé, kombe la 2021. Côte d'Ivoire walianza na Mfaransa mwanzoni mwa 2024, wakamfukuza katikati ya mashindano, wakamkabidhi Faé, akabeba kombe. Makombe matatu mfululizo, makocha watatu wa nyumbani. Sisi tunangoja nini?

Mzee wa Kamalondo

Mama, hayo matatu ni ya wengine. Yetu ni mawili, 1968 na 1974. La kwanza tulikuwa na Csanádi, Mhungaria. La pili nimeshasema. Sifurahi kuyaandika, lakini ndiyo kabati letu lote.

Wa Ruashi

Wote mnapita pembeni. Juni 2019, Cairo, Uganda walitufunga 2-0. Mnakumbuka nani alikaa benchi ya Uganda? Desabre. Benchi yetu alikuwapo Ibenge. Mimi simlaumu, kazi ni kazi, jana alilipwa atufunge na leo analipwa atupeleke Mexico. Lakini msiniambie habari za mapenzi na Kipushi.

Hapa kwetu watu wa aina hiyo tunawajua sana. Nilifanya kazi kwenye mgodi mmoja. Alikuja mhandisi kutoka nje, mtu safi kabisa, hata kutukana hakujua. Miaka mitatu mashine ilizunguka vizuri. Siku mkataba wake ulipokwisha alifunga kompyuta yake akaenda, na mashine ikasimama mwezi mzima, maana mipango yote ilikuwa ndani ya ile kompyuta. Sisi tuliobaki tulijua kubonyeza tu, kwa nini tunabonyeza hatukujua.

Hilo ndilo ninaloogopa kwa Leopards. Pasi yake ya kusafiria haina kosa. Ila ule usiku wa Rabat, uamuzi wa kumwingiza Fayulu ulikuwa na hesabu nyuma yake. Hiyo hesabu imeandikwa wapi? Nani Mkongomani aliyekuwa pembeni yake ikifanyika?

Dada wa Kenya

Hapo nakukubali, na mfano mzuri uko hapa hapa mjini. Mazembe walipita na Garzitto, N'Diaye, Carteron, Velud, wageni wote na makombe yote. Lakini Pamphile Mihayo aliyekuwa uwanjani Abu Dhabi mwaka 2010 tukicheza fainali ya klabu za dunia na Inter ya Italia, alivua jezi akaingia benchi. 2017 Kombe la Shirikisho likachukuliwa yeye akiwa kocha mkuu. Hakushuka kutoka mbinguni. Alikaa jirani na jiko hadi akajua chumvi.

Cheminot wa moyo

Nikiacha utani kidogo: hiyo 2010 kocha alikuwa Lamine N'Diaye, Msenegali. Hata sisi wa Lupopo tulimpigia makofi, kwa siri. Kwa nini Msenegali hakuitwa mgeni na Mfaransa anaitwa?

Mzee wa Kamalondo

Kwa sababu Msenegali akishindwa tunasema ameshindwa, Mzungu akishindwa tunasema ametuuza. Ni donda la zamani hilo, halina dawa ya mpira.

Lakini nicheke kidogo. Usiku wa Rabat, kipa aliyetoka alizaliwa Ufaransa, aliyeingia alikulia Uswisi, na anayebadilisha ni Mfaransa. Mgeni ni yupi hapo? Babu yangu mwenyewe aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi, hakuwa na hata neno moja la Kiswahili. Leo mimi ndiye mzee wa Kamalondo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji alale.

Kijana wa Katuba

Nimewasikia. Kwa upande wangu, Desabre abaki hata tukikosa tiketi, ila mkataba mpya uwe na sharti: wasaidizi wawili Wakongomani, wenye sauti kwenye vikao na siyo wa kubeba koni. Aondoke siku wao wataweza kumwambia "hapana" na yeye akasikiliza.

Wa Ruashi

Na hiyo kompyuta wapewe nakala.

Dada wa Kenya

Wawili na mwanamke mmoja, sijamaliza.

Kijana wa Katuba

Dada, hilo tulifungulie mjadala wake, hapa watatupiga mawe. Machi tutakuwa kwenye nganda ile ile. Kila mmoja alete franka za mafuta ya jenereta, mechi ya Mexico itatukuta usiku wa manane.

Mzee wa Kamalondo

Nitakuja. Mnipangie kiti karibu na huyo baba wa Simba. Wakiinua ubao wa kumtoa kipa, nataka nimshike mkono kabla hajasimama.