Umri wa fuvu la Olduvai ulipimwaje, ikiwa kaboni 14 haifiki huko?

Mdadisi:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo Mary Leakey aliligundua katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, linatajwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 1.75. Hata hivyo, nimesoma kwamba kipimo cha kaboni 14 hakifai kwa vitu vilivyopita miaka 50,000 hivi. Ni nini basi kilichopimwa katika mfupa ule hata wakathubutu kutaja mamilioni?

Msoma Miamba:
Mfupa wenyewe haukupimwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Yaliyopimwa ni majivu ya volkano yaliyomo katika tabaka lilimofukiwa fuvu hilo. Majivu hayo yana fuwele ndogo zenye potasiamu, na sehemu chache mno ya potasiamu hiyo, iitwayo potasiamu 40, haitulii: nusu yake hubadilika katika muda wa miaka bilioni 1.25 hivi, na baadhi yake huwa gesi ya agoni. Mwamba ungali uji wa moto, agoni hutoroka. Ukishaganda, kila chembe ya agoni inayozaliwa hunaswa ndani ya fuwele. Fuwele ikiyeyushwa maabara, gesi inayotoka hueleza ni muda gani umepita tangu volkano ilipolipuka. Louis Leakey, mume wa Mary, alikuwa amekisia miaka 600,000 tu. Mwaka 1961 kipimo cha wanasayansi Jack Evernden na Garniss Curtis kikauzidisha umri huo karibu mara tatu.

Bi Mchimbaji:
Naafiki, ila nisisitize kwamba majivu nayo yanaweza kupotosha, kwa sababu maji huyasomba na kuyachanganya na fuwele kongwe zaidi. Huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, tabaka la majivu liitwalo KBS lilipewa kwanza umri wa miaka milioni 2.6. Waliotilia shaka hesabu hiyo walitazama meno ya nguruwe wa kale: yale ya chini ya tabaka hilo yalifanana na meno ya bonde la Omo, Ethiopia, yaliyokuwa na umri mdogo zaidi. Vipimo vilirudiwa, na leo tabaka hilo linakubalika kuwa la miaka milioni 1.9 hivi. Binafsi nayaheshimu sana meno yale.

Mdadisi:
Nashukuru sana. Na mahali pasipo na majivu ya volkano, je?

Msoma Miamba:
Hutafutwa saa nyingine. Jebel Irhoud, Moroko, palikuwa na vipande vya gumegume vilivyoungua kwa moto wa kale. Moto ule ulifuta nishati yote iliyokuwa imejikusanya ndani ya jiwe, kisha mnururisho (mionzi) wa udongo ukaanza kuijaza upya. Jiwe likipashwa joto maabara, nishati hiyo hutoka kama mwanga hafifu unaopimika. Kwa njia hiyo, mwaka 2017 mabaki ya binadamu wa pale yalitangazwa kuwa na umri wa takriban miaka 315,000.

Bi Mchimbaji:
Ndiyo maana hatung'oi kitu kabla ya kuandika kimelala katika tabaka gani na kwa kina gani. Mfupa uliookotwa bila kumbukumbu hiyo hauna tena majivu wala gumegume la kuutolea ushahidi.