Mama ameambiwa jina lake na kifo chake vimefichwa kwenye kitabu cha Mwanzo. Je, ni kweli?

BintiWaBusia

Ndugu zangu, naomba mnijibu kwa heshima, maana jambo hili liko nyumbani kwetu.

Mimi nachapa barua na fomu kwenye kibanda cha fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda. Mama yangu anaitwa Ruth, ana miaka 61 na ana presha. Mwezi uliopita alikwenda kwenye semina ya mhubiri mmoja aliyekuja na kompyuta na projekta. Ukutani aliweka kitabu cha Mwanzo kwa Kiebrania, herufi zimepangwa safu kwa safu, akasema ukiruka idadi ileile ya herufi utakuta majina ya watu na siku zao. Kwa shilingi 30,000 anakutafutia jina lako. Mama alilipa. Akapewa karatasi: jina lake limezungushiwa wino mwekundu, neno jingine linalikata, akaambiwa neno hilo ni "kifo" na mwaka wake ni mwakani.

Tangu siku hiyo hamezi dawa. Ananiambia, "Mwanangu, pesa ya vidonge wanunulie watoto sare. Mungu ameshaandika." Karatasi ameiweka ndani ya Biblia, palepale kwenye Mwanzo. Mimi Kiebrania sijui. Herufi hizi zina maana, au zimekutana tu?

ImaraKatikaImani

Pole dada. Huyo mhubiri kutoza pesa ni kosa, lakini mimi siwezi kuyakataa haya yote. Anza na herufi tavu ya kwanza kwenye Mwanzo, hesabu hamsini hamsini, utapata neno Torati. Na mwandishi Michael Drosnin anaeleza kwamba alimpelekea onyo Waziri Mkuu wa Israeli, Yitzhak Rabin, baada ya kuliona jina lake kwenye herufi hizo. Novemba 1995 Rabin akapigwa risasi. Hilo nalo tuliite bahati?

Mwalimu wa Hesabu, Jinja

Dada, kwanza dawa. Presha haingoji sisi tumalize kubishana. Mpeleke mama kliniki wiki hii.

Sasa hiyo karatasi. Kiebrania kina herufi 22. Ruth huandikwa kwa herufi tatu: reshi, vavu, tavu. Kifo nacho ni herufi tatu: memu, vavu, tavu. Umeona? Mbili za mwisho ni zilezile. Mistari ya maneno hayo mawili inakatana kwa urahisi kwa sababu yanagawana herufi, na mhubiri anayejua Kiebrania kidogo tu analijua hilo.

Chukua kalamu. Herufi 22 zinatoa mipangilio 10,648 ya herufi tatu tatu. Mwanzo, kwenye toleo walilotumia watafiti, ina herufi 78,064. Gawanya. Tukichukulia kwamba herufi zote zinatokea sawasawa, kila urefu wa mruko unakupa "Ruth" kama mara saba. Kompyuta ikijaribu miruko elfu moja, ina akina Ruth elfu saba wa kuchagua, na vifo elfu saba. Alichofanya ni kuwatafuta wawili waliokaribiana. Angeandika "uzima" badala ya "kifo", angeupata pia. Na mwaka ni rahisi zaidi, kwa kuwa herufi za Kiebrania hutumika pia kama tarakimu.

Usiniamini mimi, jaribu na mama kwa Kiswahili. Mwanzo 1:1: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Ondoa nafasi zote. Shika A ya "mwanzo", kisha chukua kila herufi ya tatu: A, O, N, A. "Aona"! Sasa shika U ya kwanza ya "Mungu", ruka moja moja: U, G, A, zile herufi wanazovaa wanariadha wetu kwenye Olimpiki. Halafu shika M ya kwanza ya "mbingu", rudi kulia kwenda kushoto kama Waebrania wanavyosoma, ruka moja moja: M, B, U. Mungu aona, Uganda, mbu. Mtu akitaka anaandaa semina nzima ya malaria kutoka mstari mmoja. Lakini waliotafsiri mstari huo hawakuficha mbu humo. Walikuwa wanatuambia nani aliumba mbingu.

Ndugu Imara, wasomi walilichunguza jambo hili. Mwaka 1994 Witztum, Rips na Rosenberg walichapisha kwenye jarida la Statistical Science kwamba majina ya marabi mashuhuri, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, yako karibu na tarehe zao ndani ya Mwanzo, kupita bahati. Mwaka 1999, kwenye jarida lilelile, McKay, Bar-Natan, Bar-Hillel na Kalai walionyesha kwamba jina la rabi mmoja lina njia nyingi za kuandikwa, na uchaguzi huo peke yake unatosha kuleta matokeo yale. Kuhusu Rabin, Drosnin mwenyewe aliliambia gazeti la Newsweek kwamba atawaamini wapinzani wake wakikuta kuuawa kwa waziri mkuu ndani ya Moby Dick. McKay akatafuta, akamkuta Indira Gandhi, Waziri Mkuu wa India aliyeuawa. Hicho ni kitabu cha kuwinda nyangumi.

Nabugoye

Shalom kutoka Mbale. Sisi Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, tunasoma Torati kwa Kiebrania. Hilo neno la kila herufi ya hamsini lipo kweli, ila herufi zake ni za kawaida sana.

Dada, wewe ni mchapaji, utanielewa. Torati ina herufi 304,805, lakini magombo ya Wayahudi wa Yemeni yanatofautiana na mengine kwa herufi tisa. Maana haibadiliki, ni tahajia tu. Ila ukidondosha herufi moja, kila mruko unaopita hapo umevunjika. Mungu angening'iniza kifo cha mama yako kwenye uzi huo?

Maficho ya kweli yamo. Soma Yeremia 25:26, "Sheshaki". Chukua Babeli kwa Kiebrania, badilisha herufi ya kwanza ya alfabeti kwa ya mwisho, ya pili kwa ya pili kutoka mwisho, unapata Sheshaki. Ila kwenye 51:41 nabii anaweka Sheshaki na Babeli katika mstari mmoja, kila msomaji aone. Zaburi 119 nayo ina beti 22, moja kwa kila herufi, mistari minane minane. Hayo mwandishi aliyaweka kwa mkono wake.

Katekista wa Arua

Mwanangu, msomee mama Kumbukumbu la Torati 29:29. "Mambo ya siri ni ya BWANA." Msomee taratibu, kisha mpe maji na kidonge.

BintiWaBusia

Asanteni sana. Jana jioni nilimwandikia mama mstari ule wa Mwanzo 1:1 kwa herufi kubwa nyuma ya fomu iliyoharibika. Alivaa miwani, akahesabu kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. UGA nilimwonyesha. MBU aliipata mwenyewe. Alinyamaza kitambo, akaniuliza kama Ruth na kifo kweli zinafanana mwishoni, nikamchorea herufi kama Mwalimu alivyoeleza, nimezitoa kwenye simu. Akaziangalia sana.

Karatasi ya mhubiri bado imo ndani ya Biblia, sikuigusa. Lakini usiku alimeza kidonge, na Jumanne tunakwenda kliniki pamoja.